Kuku wa Mwalimu Auleria

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha Polisi, Chamazi, Wilaya ya Temeke

Jina: Hamisa Mfaume Kondo
Umri: Miaka 52
Kabila: Mzaramo
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuza genge
Makazi: Chamazi, mtaa wa Kisimani, nyumba inayopakana na ya Bi. Auleria Rwegasira
Tarehe ya maelezo: 16 Septemba, asubuhi
Kuhusu: Kifo cha Chausiku Ramadhani

Mimi ni shahidi niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba maelezo haya yanaweza kusomwa mahakamani na kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimeelewa. Sijalazimishwa na sijaahidiwa kitu.

Naishi Chamazi tangu uwanja wa mpira haujajengwa. Nina genge mbele ya nyumba, nauza nyanya, vitunguu, dagaa, mkaa wa kupima na mayai. Mayai nilikuwa nachukua kwa Mwalimu Auleria, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mwalimu ni Mhaya wa Bukoba, mjane, amefundisha shule ya msingi ya hapa hapa mpaka akastaafu. Watoto wangu watatu, Salma na wadogo zake, wamepita mikononi mwake. Alipostaafu kiinua mgongo chake alikijengea banda nyuma ya nyumba, akaweka kuku wa mayai. Alianza na wachache, mpaka mwaka huu walikuwa wamefika mia sita. Alikuwa na mfanyakazi mmoja, Mashaka, mtu mzima mwenye familia yake Mbande.

Marehemu Chausiku alikuwa shoga yangu. Alikuwa anakaanga chipsi kwenye kona ya kuelekea uwanjani. Yeye naye mayai yake yalitoka kwa Mwalimu. Kwa hiyo sie watatu tulikuwa tunaonana kila siku ya Mungu. Mwalimu akikusanya mayai, mie nakuja na beseni, Chausiku anakuja na beseni, tunagawana hapo hapo barazani, maneno mengi kuliko mayai.

Mwezi wa sita, siku bajeti iliposomwa Bungeni, tulikuwa wote watatu kwa Chausiku. Ilikuwa jioni, redio iko juu ya ndoo ya viazi. Kila mtu alikuwa anasikilizia chake. Mie nilisikilizia sukari na mafuta ya kula. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanangoja chipsi walisikilizia petroli. Mwalimu alisikilizia mambo ya wastaafu. Yalipopita bila kutajwa akacheka, akasema, "Mwaka huu wametusahau. Tushukuru Mungu." Habari ya chakula cha kuku hakuna aliyeisikia. Baadaye tuliambiwa ilisomwa, ila ilisomwa kwa lugha ya kule, kwamba msamaha wa kodi kwa malighafi kadhaa zinazotoka nje umefikia mwisho. Sie tungejuaje kwamba hizo malighafi ndizo walizokuwa wanakula kuku wa Mwalimu?

Mwanzoni mwa mwezi wa saba nilimsindikiza Mwalimu dukani kwa Stanley, anayeuza chakula cha mifugo Mbande. Stanley alimwamkia, halafu akamtajia bei ya mfuko. Mwalimu akadhani kasikia vibaya, akamwambia arudie. Stanley akarudia.

Mwalimu akauliza, "Imepanda kwa ajili ya nini?"

"Kodi, Mwalimu. Soya inatoka nje, virutubisho vinatoka nje. Zamani vilikuwa vinaingia bila kodi."

"Kwani hii kodi si ya wafanyabiashara wakubwa?"

Stanley akasema, "Mkubwa kaniongezea mie, na mie nakuongezea wewe. Nisipofanya hivyo kesho sifungui duka. Na wewe waongezee wa mayai."

Mwalimu alinunua nusu ya mifuko aliyozoea kununua.

Alijaribu kuongeza bei ya mayai. Mie nilimkubalia, lakini gengeni kwangu watu walianza kununua yai moja moja, wengine wakaacha kabisa. Chausiku alimwambia wazi barazani, "Mwalimu, mie nikipandisha chipsi mayai, wale vijana watakula chipsi kavu. Mayai yatanidodea mie." Walibishana kidogo, lakini hawakugombana. Chausiku akaanza kukaanga chipsi mayai za yai moja badala ya mawili. Wateja wakamwambia anawaibia. Kuna siku mmoja alimrudishia sahani mbele za watu. Nilikuwepo.

Mwezi wa nane Mwalimu akaanza kuchanganya chakula mwenyewe. Alinunua pumba, dagaa waliovunjika na mashudu ya alizeti, akawa anachanganya na Mashaka kwa koleo pale uani. Lakini kumbe kila mfugaji alikuwa amekimbilia mashudu hayo hayo, nayo yakapanda. Mayai yakawa madogo, mengine ganda laini kama karatasi, ukiyashika yanabonyea. Halafu kuku wengi wakaacha kutaga. Halafu wakaanza kudonoana.

Nyumba yangu inapakana na lile banda. Kuku walioshiba wana kelele zao na kuku wenye njaa wana kelele zao, na mie nilikuwa nazisikia mchana kutwa nikiwa gengeni. Nilipoingia kuwaangalia nilikuta wengine hawana manyoya mgongoni, nyama nyekundu iko nje, na wenzao wanawafuata hapo hapo penye damu. Mashaka alikuwa anawatenga waliojeruhiwa anawapaka dawa ya bluu, wakirudi wanadonolewa tena. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na chombo cha chakula kitupu. Aliniambia, "Mama Salma, nimefundisha miaka thelathini na mbili, sikuwahi kumlaza mtoto wa mtu na njaa mbele ya macho yangu. Hawa wananiangalia kila nikiingia."

Nilimpa pumba kiasi niliyokuwa nayo. Kuku mia sita, pumba ile haikufika hata kwenye kona.

Alijaribu kuwauza. Dalali wa sokoni alikuja mara ya kwanza akataja bei ya matusi, Mwalimu akamfukuza. Wiki iliyofuata akampigia simu mwenyewe. Dalali akamwambia, "Mama, kila banda kuanzia Mbande mpaka Kongowe wanauza. Sina pa kuwaweka." Hakuja tena.

Alikwenda pia ofisi ya kodi, mjini, kuuliza. Nilikwenda naye kwa sababu alisema miguu haina nguvu. Tulipokewa vizuri. Kijana mmoja aliyevaa tai alitupa viti, akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika. Kisha akasema, "Mama, nakuelewa kabisa. Lakini sheria imeshapita Bungeni. Sisi hapa tunatekeleza tu. Maoni yako yatakwenda kwenye maandalizi ya bajeti ijayo."

Mwalimu akauliza, "Ijayo ni lini?"

"Mwezi wa sita, mama."

Mwalimu akamshukuru. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi. Alimpigia simu mwanawe Edgar, anayefanya kazi Dodoma. Nilimsikia akisema, "Hapana baba, sitaki unitumie, una watoto. Nilitaka tu kukusikia." Edgar naye alikuwa amepunguzwa kazini, jambo hilo mama yake alikuwa hajalijua, alikuja kulijua baada ya haya yote.

Siku ya tukio, Jumamosi tarehe 13 Septemba, kulikuwa na mechi uwanjani. Siku ya mechi mtaa wetu unajaa, watu wanaegesha magari mpaka kwenye vibaraza vya watu, na njia ya mkato ya kwenda uwanjani inapita kwenye uchochoro kati ya ukuta wa Mwalimu na nyumba ya mjumbe.

Mnamo saa nane na nusu mchana Mwalimu aliniita kwa kupitia ukutani. Akasema, "Mama Salma, njoo na ndoo. Mwite na Chausiku." Nilipofika nilikuta amevaa gauni lake la kanisani. Mashaka alikuwa amekaa juu ya mfuko mtupu. Alikuwa hajalipwa mshahara wa mwezi wa nane, lakini alikuwa bado anakuja.

Mwalimu akasema, "Asubuhi nimekuta ishirini na saba wamekufa. Sitaki kuokota wengine. Wachukueni. Mwenye makombo ya wali atawapa wali, mwenye uwanja atawaacha wachakure. Kuku wawili wawili kila nyumba watapata cha kula. Mie hapa hawapati."

Nikamuuliza, "Umemwambia Edgar?"

"Nitamwambia wakishaondoka."

Chausiku akamwambia, "Mwalimu, ngoja walau mpaka Jumatatu, tuulizie tena sokoni." Mwalimu akatikisa kichwa. Chausiku akanitazama, na mie nikamtazama. Hatukuwa na Jumatatu yoyote ya kumpa.

Tuliwaita majirani wa karibu. Walikuja mjumbe, Mwanabaraka wa cherehani, na kina mama wengine wa mtaani. Mwalimu alisimama kwenye mlango wa banda, anamtoa kuku mmoja mmoja, anamkabidhi mtu mkononi kwa maelezo kama daktari. "Huyu bado anataga, usimchinje." "Huyu mguu unamuuma, mpe maji yenye chumvi kidogo." "Huyu mkali, mtenge." Watu walikuwa wanapokea kwa mikono miwili. Mama mmoja alikuwa analia. Sielewi alikuwa anamlilia kuku au Mwalimu.

Hilo lilikwenda vizuri kwa muda. Halafu vijana waliokuwa wanapita kwenda kwenye mechi, wamevaa jezi, wakamwona Mwanabaraka anatoka na kuku wawili. Wakamuuliza, "Dada, bei gani?" Akawajibu, "Anagawa bure." Alisema kweli, hakuwa na nia mbaya. Wakaingia. Wakapiga simu kwa wenzao. Watu waliokuwa wanapanga foleni ya tiketi wakaacha foleni. Kabla mie sijatoka na kuku wangu, geti lilikuwa limezibwa na watu, na nyuma yao kuna wengine, na nyuma yao kuna wengine ambao hata hawakujua mbele kuna nini.

Mashaka alijaribu kufunga geti, wakamsukuma nalo. Ndipo Mwalimu akapanda juu ya tofali akapaza sauti: "Pangeni mstari! Mmoja mmoja!" Ile sauti ya darasani. Afande, naomba uliandike hili. Walipanga. Wale vijana wa mtaani kwetu, wengi aliwafundisha yeye, walirudi nyuma wakapanga mstari, mmoja akavua na kofia. Kwa dakika kadhaa mie nilidhani tumepona.

Lakini wa nyuma hawakuwa wanafunzi wake. Wakaanza kupanda ukuta ili waingie kwa juu. Kwanza wawili, kisha ukuta mzima ukawa na watu, wengine wamekaa juu miguu inaning'inia, wengine wanavutana. Chausiku alikuwa ameshatoka kwa mlango mdogo wa uani. Alikuwa uchochoroni, chini ya ukuta, kwenye kivuli, ameinama anawafunga kuku wake miguu kwa kipande cha kanga. Nilimwona kupitia ule mlango. Nilikuwa namwendea. Aliinua kichwa akaniambia, "Shoga, huyu mmoja mzito kweli, huyu alikuwa anaiba chakula cha wenzake," akacheka.

Ukuta ukaenda. Haukuanguka kwa kishindo nilichotegemea. Uliinama kwanza, polepole, kama mtu anayeinama kuokota kitu, na wale waliokuwa juu wakaruka kuelekea ndani. Ulianguka kuelekea uchochoroni.

Nilipiga kelele jina lake. Vumbi lilikuwa jeupe, sioni kitu. Kijana mmoja mwenye jezi alikuwa karibu nami, ana kuku kila mkono. Aliwaachia akaanza kutoa matofali. Wenzake nao wakaja. Hao waliokuwa wanagombania kuku ndio hao hao waliomtoa Chausiku, kwa mikono, wengine wakachanika vidole. Kuku walikuwa wanatembea juu ya matofali katikati yetu, wanachakura mchanga uliofukuliwa. Nikisema waliokuja ni wahuni watupu nitakuwa nimesema uongo, na nikisema hawana kosa nitakuwa nimesema uongo pia. Kulikuwa na watu waliotupita pale na kuku wao wakaenda zao.

Chausiku alikuwa anapumua. Tulimpakia kwenye bajaji, mie na Mashaka tukamshika. Barabara ilikuwa imejaa magari ya mechi, dereva anapiga honi, hakuna pa kupita. Mashaka akashuka akawa anakimbia mbele kuwaomba watu wasogee. Chausiku alikuwa ananiangalia. Nilimsomea dua nilizozijua. Zahanati walisema hawamuwezi, tumpeleke hospitali. Alifariki njiani, kabla hatujafika Mbagala. Mie ndiye niliyemfumba macho.

Niliporudi mtaani ilikuwa karibu na magharibi. Askari walikuwa wameshafika. Mwalimu alikuwa amekaa chini mlangoni mwa banda, gauni lote vumbi, ana kuku mmoja mapajani anamshika shika. Banda lilikuwa tupu. Askari alipouliza nani mwenye nyumba, mjumbe alianza kueleza kwa kirefu, lakini Mwalimu akamkatiza. Alisema, "Ni mimi. Nimefungua mwenyewe kwa mkono wangu." Kisha akaniona. Nadhani alisoma usoni mwangu. Alijifunika uso kwa mikono miwili, yule kuku akashuka akaondoka.

Jumapili tulimzika Chausiku. Ndugu zake walitoka Kipawa. Dada yake, Salama, alinivuta pembeni baada ya mazishi akaniuliza, "Nani kamuua ndugu yangu?"

Nikamwambia, "Ukuta ulimwangukia."

Akasema, "Ukuta wa nani?"

Aliendelea kuningojea nijibu mpaka watu wakaja kumchukua. Chausiku ameacha watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha pili. Sijui nani atasimama kwenye lile jiko la chipsi.

Kwa swali nililoulizwa, najibu: hapana, Mwalimu hakuwa na kibali cha mkusanyiko. Hakukusanya watu. Aliita majirani.

Kwa swali nililoulizwa, najibu: simjui mtu wa kwanza aliyepanda ukuta. Walikuwa wengi na wengi si wa mtaani kwetu. Nikimwona yule kijana wa jezi aliyeachia kuku wake nitamtambua, lakini yeye sina la kumshitakia.

Kwa swali nililoulizwa, najibu: ndiyo, ukuta ulikuwa una ufa. Ulikuwa wa tofali moja, hauna nguzo. Ufa ulianza mwezi wa tano upande wa uchochoroni. Mie ndiye niliyeuona kwanza na nilimwonyesha Mwalimu. Alikuwa amekwishampata fundi wa kuweka nguzo. Fundi alileta mchanga na nondo, akaanza kuchimba. Bei ya chakula ilipopanda, Mwalimu alimsimamisha. Aliniambia, "Kuku wale kwanza, ukuta utasubiri." Nondo bado zipo uani kwake, mnaweza kwenda kuziona.

Kwa swali nililoulizwa kama alijua ukuta ni hatari, najibu: alijua una ufa. Alikuwa anawakataza watoto wasicheze pale.

Kwa swali nililoulizwa namlalamikia nani, najibu: nimekaa hapa nimefikiria. Stanley aliuza alivyonunua. Yule kijana wa ofisini alitupa viti. Mwanabaraka aliulizwa akajibu. Mwalimu alitoa alichokuwa nacho. Shoga yangu yuko kaburini na mie simjui wa kumfuata. Naomba kama sheria inaruhusu Mwalimu apelekewe huko mahabusu dawa zake za presha, ziko kabatini jikoni, na mie ninao ufunguo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa kwa sauti.

Saini ya shahidi: Hamisa M. Kondo

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA
Nathibitisha kuwa maelezo haya yametolewa mbele yangu na shahidi akiwa na akili timamu, kwa hiari yake, na nimemsomea yote kwa lugha ya Kiswahili anayoielewa.

Baada ya kusomewa, shahidi aliomba sehemu inayohusu ufa wa ukuta iondolewe. Nilimweleza kuwa maelezo hayafutwi, ila ana haki ya kusahihisha kama kuna jambo lisilo la kweli. Nilimuuliza kama sehemu hiyo si ya kweli. Shahidi akajibu kuwa ni kweli. Kisha akatia saini.

WP Koplo Tupokigwe
Kituo kidogo cha Polisi, Chamazi